Kuandika Hadithi Ukiwa na Watoto Wadogo: Mwongozo Kamili wa Kulinda Uzi Usikatike

Kwa karibu miaka miwili baada ya kujifungua mtoto wa pili, kila aliyeniuliza kuhusu uandishi nilimjibu kwamba sina muda. Niliamini hivyo. Halafu wiki moja nikaamua kuandika nyuma ya kalenda ya ukutani kila kipande cha muda ambacho watoto hawakunihitaji: dakika 12 mdogo amelala na mkubwa anachezea maji uani, dakika 20 kwenye benchi la kliniki, nusu saa usiku kabla macho hayajafumba. Jumapili nilipojumlisha nikapata zaidi ya saa nne. Saa nne za wiki moja, na sikuwa nimeandika hata ukurasa.

Nikachunguza zilikokwenda. Kila nilipopata dakika 20, dakika 15 ziliishia kwenye kusoma nilichoandika mara ya mwisho, ili nikumbuke mhusika wangu yuko wapi, amekasirikia nini, na nilikusudia aelekee wapi. Nikishakumbuka, mtoto anaamka. Muda nilikuwa nao. Kilichokuwa kikikatika ni uzi wa hadithi, na nilikuwa nautumia muda wote kutafuta ncha yake.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Ni kwa ajili ya mama au baba mwenye watoto chini ya miaka sita, mwenye kazi au biashara, anayeishi kwenye nyumba isiyo na chumba cha ziada. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, na watoto wangu sasa wana miaka mitano na miwili na nusu. Hatua hizi nimezipanga kama nilivyozipitia.

Hatua ya 1: Hesabu muda wako kwa siku saba

Kabla ya kujiwekea ratiba, jua siku yako inavyokwenda kwa kweli. Chukua karatasi, iache mahali unapopita mara nyingi, na kila unapopata dakika 10 au zaidi za utulivu andika saa na urefu wake. Usijaribu kuandika hadithi wiki hiyo. Tazama tu.

Umri wa mtoto utaamua mengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku, wa mwaka mmoja hadi miwili saa 11 hadi 14, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Wa mwaka mmoja na nusu bado atakupa kipande kizuri baada ya chakula cha mchana. Wa miaka minne anaweza asilale kabisa mchana, lakini usiku akilala ametulia. Ratiba itakayokufaa mwaka huu haitakufaa mwakani, kwa hiyo rudia hesabu hii kila baada ya miezi michache.

Kuna jambo nalisema kwa msisitizo kwa mama aliyejifungua karibuni. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na wapo wanaozipangia siku hizo kumaliza riwaya. Usizipangie. Siku arobaini ni za kupona, kunyonyesha na kulala anapolala mtoto. Shairi likija lenyewe lipokee, lisipokuja usilidai. Na ukiona huzuni haiondoki wiki baada ya wiki, hutaki kumshika mtoto, au usingizi hauji hata pale mtoto analala, mwambie muuguzi kliniki. Mambo ya kuandika yangoje.

Hatua ya 2: Chagua kazi inayoenea kwenye vipande ulivyo navyo

Mtu mwenye vipande vya dakika 15 asianze na riwaya ya kurasa 400 yenye vizazi vitatu. Anza na shairi, hadithi fupi, au hadithi ya watoto.

Ushairi wa kimapokeo una faida ambayo wengi wetu tumeisahau: unabebeka kichwani. Tarbia ina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina ndivyo vinavyokusaidia kukumbuka. Unaweza kuujenga ubeti mzima mikono yako ikiwa kwenye beseni la vyombo. Nilipata mshororo wa kwanza wa shairi langu moja nikisuuza vikombe: *Mtoto sasa kalala, kalamu naichukua.* Mishororo mitatu iliyobaki ilinichukua siku tatu za kufua, kupika na kusubiri daladala. Nilipoketi kuuandika ubeti, ulikuwa umekwisha; nilichofanya ni kunakili.

Ukitaka riwaya, igawe kwa matukio mafupi. Tukio moja ni watu wawili mahali pamoja, mmoja anataka kitu na mwingine anakizuia. Maneno 150 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 750. Wiki 40 zitakupa maneno 30,000, na hiyo ni riwaya fupi kamili. Hadithi fupi ya maneno 2,000 haizidi wiki tatu. Nasisitiza siku tano, maana siku mbili kila wiki zitachukuliwa na homa, wageni au msiba, na ukizihesabu tangu mwanzo hutajiona umeshindwa.

Ukihisi haiwezekani, mkumbuke Buchi Emecheta, Mnigeria aliyehamia London mwaka 1962. Alilea watoto watano, kwa sehemu kubwa peke yake, huku akisoma na kufanya kazi, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1972. Kitabu chake cha mwaka 1974 alikitabaruku kwa watoto wake hao watano, akisema bila kelele zao tamu kisingeandikwa. Hao watoto walikuwa chumbani humo humo.

Hatua ya 3: Acha ncha ya uzi nje

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii. Kila unapoandika, dakika mbili za mwisho si za hadithi. Ni za kumwachia maagizo mtu atakayekuja kuendelea, na mtu huyo ni wewe wa kesho, umechoka, una maziwa kwenye bega. Andika mistari mitatu chini ya ulipoishia:

Yuko wapi sasa hivi.
Anataka nini, na nani anamzuia.
Sentensi inayofuata inaanza na maneno gani.

Nikupe mfano kutoka kwenye daftari langu. Nilikuwa na hadithi ya mvuvi mzee anayekataa kuuza ngalawa yake. Mtoto alipoanza kulia niliandika haraka: "Yuko ufukweni, maji yanakupwa. Anataka mwanawe aondoke bila kutaja pesa; mwanawe ameshazitoa mfukoni. Inaanza: Mzee hakuzitazama zile noti…" Nilirudi kwenye daftari baada ya siku nne. Sikusoma chochote cha nyuma. Niliisoma mistari ile mitatu, nikaandika "Mzee hakuzitazama zile noti, alitazama vidole vilivyozishika," na nikaendelea hapo hapo.

Ukiweza, simama katikati ya sentensi. Najua inauma, kwa sababu tunapenda kumaliza aya ndipo tuinuke. Lakini aya iliyokwisha ni ukuta. Kesho utalazimika kutafuta mlango. Sentensi iliyokatika inakuvuta yenyewe.

Mambo manne yanailinda hatua hii.

Tumia chombo kimoja. Mimi natumia kauntabuku ya kurasa nyingi na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye jalada, kwa sababu kalamu isiyofungwa hupotelea kwa watoto. Ukiwa mtu wa simu, iwe simu, faili moja. Vipande vikitawanyika kati ya daftari, ujumbe wa WhatsApp na nyuma ya risiti, utarudi kule kule kwenye kutafuta.

Kwenye jalada la ndani weka ukurasa wa wahusika: jina, umri, anachokiogopa, jinsi anavyozungumza. Mistari miwili kwa kila mmoja. Ukisahau kama shangazi wa mhusika wako alikuwa mjane, utaangalia pale badala ya kupekua sura tatu.

Usisome nyuma zaidi ya aya moja. Ukiona kosa, weka nyota pembeni uendelee. Kuhariri kuna siku yake, nitakuja huko.

Na mikono ikiwa haina nafasi, tumia sauti. Unapomnyonyesha mtoto au kumbeba mgongoni, jirekodi kwenye simu dakika moja. Zungumza kama unamsimulia mtu: "Basi yule mama akafungua mlango, akakuta…" Jioni ile ile hamishia kwenye daftari, hata kwa kifupi. Rekodi zikilala wiki nzima hazisikilizwi tena. Nina nyingi ambazo sijui zilihusu nini.

Hatua ya 4: Chagua alfajiri au usiku, usichague vyote

Toni Morrison wa Marekani, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alilea wavulana wawili peke yake huku akifanya kazi ya uhariri. Alieleza kwamba desturi yake ya kuandika kabla ya mapambazuko ilianza kwa lazima: alitaka kuutumia muda kabla watoto hawajaanza kuita "Mama", yaani karibu saa 11 alfajiri.

Huku kwetu saa hiyo ina baraka zake. Adhana imeshakuamsha au jogoo wa jirani amekuamsha, kuna ubaridi kidogo, hakuna anayepiga simu. Lakini haifai kwa kila mtu. Mwenye mtoto anayenyonya usiku mara tatu akijilazimisha kuamka saa 10 na nusu ataugua. Huyo aandike mchana mtoto akilala, au usiku robo saa, alale.

Ukichagua alfajiri, kazi inaanza jana yake. Daftari liwe mezani limefunguliwa kwenye mistari yako mitatu. Chai iwe kwenye chupa. Sare za shule zimeshapigwa pasi na mkoba wa chekechea uko mlangoni, vinginevyo utakumbuka soksi katikati ya sentensi. Tochi au taa ya kuchaji iwe karibu, maana umeme hauna ahadi. Simu iwe chumba kingine, au izimwe mtandao. Mimi nikiigusa simu kabla ya kalamu, alfajiri hiyo imekwisha.

Hatua ya 5: Zungumza na wenye nyumba wenzako

Uandishi unaofanywa kwa kificho hunyanyaswa bila anayeunyanyasa kujua. Mwenzio hawezi kulinda asichokijua. Omba kitu kidogo kinachopimika. Maneno "nisaidie na watoto niandike" hayana mwanzo wala mwisho. Mimi nilimwambia mume wangu hivi: "Baba, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili mpaka saa mbili na nusu usiku, naomba wewe uwaogeshe na kuwalaza. Nitakuwa mezani. Hata wakilia, kama si hatari, usiniite." Akauliza, "Na mimi mpira wangu?" Tukapanga: Jumamosi jioni ni yake, mimi nakaa na watoto bila manung'uniko. Makubaliano ya pande mbili ndiyo yaliyodumu. Lile la kwanza nililoomba kama hisani lilikufa baada ya wiki mbili.

Kwa mama mkwe nilikwenda tofauti. Mbele yake sikuweza kusema naandika hadithi nikaishia hapo. Angeona nimeacha nyumba nikakaa na kalamu. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikamwambia, "Mama, kuna hadithi ile uliyotusimulia ya safari ya mashua. Nataka niiandike wajukuu zako waje kuisoma. Naomba Jumapili baada ya chakula ukae nao saa moja." Alikubali, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayeniuliza nimefikia wapi. Nilimaanisha nilichomwambia: hadithi ile ipo, sura ya pili, na amesomewa.

Kuhusu dada wa kazi, nina msimamo. Kama yupo, muda wako wa kuandika uingie kwenye saa zake za kazi mlizokubaliana. Usimwongezee saa nyingine usiku kwa sababu hadithi imekolea. Naye amechoka, na ana usingizi wake.

Hatua ya 6: Waingize watoto katika kazi

Mtoto wa miaka miwili hawezi kungoja, usimdai. Wa miaka minne anaweza, ukimpa alama anayoiona. Kwetu alama ni kanga ya rangi ya chungwa. Nikijitanda ile, mama anaandika. Nikiivua, amerudi. Tulianza na dakika tano, mshale mrefu wa saa ukitoka kwenye 12 kufika kwenye 1, na nikatimiza ahadi bila kuzidisha hata kidogo. Baada ya mwezi tukafika dakika 20. Ukimdanganya mara moja ukakaa nusu saa, alama imekufa na utaanza upya.

Mpe daftari lake na penseli ya rangi. Akae mkekani karibu na miguu yako. Sehemu kubwa ya muda huo, mkubwa wangu anachora "barua", kisha ananisomea, na huo ndio mwanzo wa kusoma na kuandika hata kama herufi hazijafika. Televisheni na simu ni njia rahisi, lakini mwongozo ule ule wa afya unashauri mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Mimi saa hiyo naiweka akiba kwa siku ya homa au mvua.

Tena tusijione wageni katika jambo hili. Mwaka 1858, kwenye visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na anaanza kwa kumwita binti asogee karibu, akae na wino na karatasi. Utendi unaosomwa mpaka leo ulianza kwa mama kumwambia mtoto njoo ukae hapa.

Usiku, jaribu hadithi zako kwao. Sema "Paukwa!" wakujibu "Pakawa!", kisha simulia tukio uliloandika leo kwa maneno mepesi. Mtoto akigeukia ukutani, tukio limelegea. Akiuliza "halafu?", umepata. Kuna hadithi yangu niliikata kurasa tatu kwa sababu mkubwa alilala sehemu ile ile siku mbili mfululizo, na alikuwa na haki.

Hatua ya 7: Chota kwao, lakini jua mpaka

Watoto wanaoanza kusema wanaivunja lugha kwa namna inayotufundisha. Mdogo wangu aliwahi kusema jua "limechoka" lilipokuwa linazama. Mkubwa aliita kivuli chake "mtu wangu wa chini". Weka kurasa za nyuma za daftari kwa maneno hayo, na tarehe. Sitiari nyingine hutazipata kwenye kamusi yoyote.

Mpaka wangu ni huu: maneno yao nayachukua, aibu zao siziandiki. Kukojoa kitandani, ugonjwa, kipigo alichopata shuleni, hivyo ni vyake. Ukihitaji tukio la namna hiyo, libadilishe mpaka mtoto wako akija kulisoma akiwa na miaka 15 asijitambue.

Hatua ya 8: Siku ikiharibika

Homa, mgeni aliyefika bila taarifa, maji yamekatika, mitihani ya kusahihisha. Siku hizo kiwango ni sentensi moja. Sentensi moja inatosha kuushika uzi usiteleze. Ukipitisha wiki nzima bila kitu, usianze kwa kusoma yote ya nyuma. Soma mistari yako mitatu, andika sentensi moja, funga daftari. Kesho mbili.

Hatua ya 9: Kuhariri na kutuma

Kuhariri hakukubali dakika 15. Kunataka uione kazi nzima kwa jicho moja. Omba nusu siku moja kwa mwezi. Watoto waende kwa bibi, nawe usibaki nyumbani, maana vyombo vitakuita. Nenda maktaba, au darasa tupu Jumamosi. Soma kwa sauti kuanzia mwanzo, shughulikia zile nyota, kata.

Hadithi ikishapigwa chapa, ihifadhi mahali pawili: kwenye simu au kompyuta, na kwenye barua pepe yako mwenyewe. Watoto na vikombe vya maji havikai mbali na kompyuta.

Kisha itume. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo huhitaji kuwa na mchapishaji kwanza. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno: urefu, muundo wa faili, tarehe ya mwisho. Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani pamoja na tarehe za chanjo, uitangulize wiki mbili, kwa sababu wiki ya mwisho lazima mtoto mmoja ataumwa.

Ukishatuma, fungua ukurasa mpya jioni hiyo hiyo. Andika tarehe, na mistari mitatu: yuko wapi, anataka nini, inaanza na maneno gani.